KAZI ZA MIKONO: KIWEKO KIFAACHO KINYAGO

Kamere ni mji mdogo ulio upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru. Wakazi wake wametoka pande nyingi za nchi, na wengi wao hupata riziki katika mashamba ya maua, katika uvuvi na katika biashara ndogo ndogo. Karibu nao ni Hifadhi ya Hell's Gate, iliyotangazwa mwaka 1984, ambako wageni huja kutembea kwa miguu na kwa baiskeli. Mahali pa namna hiyo kinyago cha kuvaa si kitu cha ajabu. Mmoja ameletewa na ndugu yake aliyefanya kazi pwani. Wa pili amekinunua ili akiuze tena kwa watalii. Na mwalimu wa shule ana sanduku zima la vinyago vya karatasi vilivyotumika katika mchezo wa kuigiza.

Walakini vinyago vingi haviharibiki mikononi mwa wachezaji wala mikononi mwa wanunuzi. Huharibiwa na msumari. Mwenye kinyago hupigilia msumari ukutani, akakitundika kwa tundu la jicho, akaenda zake. Uzito wote sasa umekaa juu ya ukingo mwembamba wa jicho, na kila mlango ukibamizwa ukingo ule husuguliwa. Baada ya miezi michache ufa huonekana, ukishuka kutoka jichoni hadi shavuni. Wengine hufanya vibaya zaidi, hutoboa tundu jipya katika paji ili wapitishe kamba. Tundu hilo haliwezi kuzibwa tena likasahauliwa, na mnunuzi mwenye ujuzi akiliona hupunguza bei au huondoka.

Dawa yake ni kiweko, na kiweko si kazi ngumu. Mtu mwenye msumeno, keke, tupa na msasa aweza kukitengeneza kwa siku mbili za mapumziko, kwa vitu vipatikanavyo Kamere au mjini Naivasha.

Kinyago ni nini

Yafaa kwanza kutenganisha maneno. Tangu korona ilipoingia nchini mwaka 2020, watu wamezoea kusema barakoa kwa kile kitambaa cha kuziba pua na kinywa. Hapo zamani, hasa pwani, barakoa lilikuwa jina la kifuniko cha uso kilichovaliwa na wanawake. Neno kinyago nalo hutumika kwa sanamu yo yote ya kuchongwa, hata ya twiga au ya mzee aliyeketi. Habari hii ni ya kinyago cha kuvaliwa tu: kile kilicho wazi kwa ndani, ambacho mtu hukitia usoni au kichwani ili acheze.

Katika Afrika Mashariki mabingwa wa kazi hiyo ni Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Kinyago chao kiitwacho lipiko, ambacho wingi wake ni mapiko, huvaliwa juu ya kichwa kizima kama kofia ya chuma, na mchezaji hutazama kwa kupitia kinywa cha kinyago. Nguo hufungwa ukingoni ili mwili wa mchezaji usionekane. Huchongwa kwa mti mwepesi, na baadhi yake hubandikwa nywele za binadamu na kutiwa chale za usoni kwa nta ya nyuki. Wamakonde wako Kenya pia. Wengi wa wazee wao walikuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa huko pwani, na mwaka 2017 serikali iliwatambua kuwa kabila la 43 la nchi.

Katika makabila mengi ya Kenya hakukuwa na desturi ya kuvaa vinyago vya mbao. Wamasai hawakuwa nayo, ijapokuwa vibanda vya biashara vimejaa nyuso ndefu ziitwazo za Kimasai. Nyuso hizo huchongwa na mafundi, wengi wao Wakamba, ambao sifa yao ya uchongaji ilienea kutoka Wamunyu katika nchi ya Machakos baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Vijana wa Kikuyu, kabla ya kutahiriwa, walicheza wakiwa na ngao nyepesi ya mbao iitwayo ndome, yenye michoro ya rangi, iliyovaliwa katika mkono wa kushoto. Hiyo si kinyago, lakini ni vazi la ngoma vile vile, nayo hutaka kiweko cha namna hiyo hiyo.

Jambo la kwanza: uzito

Viweko vingi vya nyumbani huanguka kwa sababu moja. Fundi hutia nguzo katikati ya kitako, kisha hukivika kinyago upande wa mbele wa nguzo. Kwa macho kazi yaonekana sawa, lakini uzito umekwenda mbele, na mtoto akipita mbio au paka akiruka, kiweko na kinyago huanguka kifudifudi.

Chukua mfano wa kitako chenye inchi 10 kila upande, na kinyago ambacho uzito wake hukaa inchi 4 mbele ya nguzo. Nguzo ikiwa katikati, iko inchi 5 kutoka ukingo wa mbele. Basi uzito wa kinyago umebakiwa na inchi 1 tu kabla ya kuvuka ukingo. Nguzo ikirudishwa nyuma mpaka iwe inchi 2 na nusu kutoka ukingo wa nyuma, uzito ule utakuwa inchi 3 na nusu ndani ya ukingo wa mbele, na kiweko hakitaanguka kwa kuguswa kidogo. Ndiyo maana fundi hodari hapimi kinyago kwa urefu peke yake, bali hukilaza juu ya kidole au juu ya ukingo wa ubao, akatafuta mahali kinapokaa bila kuinama huku wala huku. Hapo ndipo uzito ulipo.

Kitako

Kitako na kiwe kizito kuliko kinyago, au angalau kilingane nacho. Mkaratusi mkavu wenye unene wa inchi 2 wafaa sana. Kipande cha inchi 10 kwa 10 huwa na uzito wa zaidi ya kilo 2. Ikiwa ubao mpana haupatikani, vipande viwili vya inchi 5 huunganishwa kwa gundi ya mbao na kubanwa usiku kucha. Saipresi na mukima hurandika kwa urahisi zaidi, lakini ni nyepesi, kwa hiyo kitako chake hapana budi kiwe kipana zaidi.

Mbao mbichi haifai kabisa. Hujipinda ikikauka, na nguzo iliyokuwa wima huinama. Mtu asitumie pia yale mawe mepesi yenye matundu yanayookotwa pande za Naivasha, akidhani jiwe ni jiwe. Mengine huelea majini. Hayawezi kuzuia kitu kisianguke. Wala asiende kuokota mawe wala kukata miti ndani ya hifadhi, maana hilo lakatazwa na sheria.

Asiye na mbao aweza kumimina saruji, mchanga na kokoto katika karai kuukuu mpaka kina cha inchi 2, akasimamisha fito ya chuma ndani yake kabla haijagumuka. Saruji hiyo hutiwa maji kila siku kwa muda wa siku 7 ili ipate nguvu, kisha huachwa mwezi mzima ikauke. Kinyago kikiwekwa juu yake mapema, unyevu wa saruji hupanda na kuingia katika mbao.

Nguzo na vidole

Kwa kinyago cha uso, fito ya chuma cha mviringo ya milimita 8 yatosha. Kinyago chenye urefu wa inchi 14 hutaka fito ya inchi 18 hivi, ambayo inchi 1 na nusu huzama ndani ya kitako. Tundu la keke liwe dogo, fito iingie kwa kugongwa taratibu, wala isichezecheze.

Kabla ya kukata chuma, fundi huchukua karatasi ngumu ya katoni, akaikata pole pole mpaka ilingane na umbo la ndani la kinyago, kutoka paji hadi kidevu. Hiyo ndiyo ramani yake. Kipande cha waya laini hupindwa kwa kuifuata. Kazi ya kuchomelea hufanywa kwa ramani hiyo, na kinyago chenyewe hubaki nyumbani, mbali na moto na cheche. Fundi wa jua kali huchomelea kipande cha milimita 6 juu ya nguzo, kiwe kama herufi T chenye upana wa inchi 4, na ncha zake mbili hupindwa kuelekea mbele na juu. Hivyo ndivyo vidole viwili vya kubeba. Huingia ndani ya kinyago na kushika mahali ambapo mbao ni nene, nyuma ya paji. Kidole cha tatu huchomelewa chini, kwa usawa wa kidevu, si kwa kubeba bali kwa kukizuia kidevu kisirudi nyuma. Kinyago sasa kimekaa kwa pointi tatu, kama chungu juu ya mafiga.

Ncha zote hulainishwa kwa tupa. Chuma hupakwa rangi nyeusi isiyong'aa ili kisishike kutu, na kuachwa juma moja mpaka harufu ya rangi iishe. Kisha vidole huvikwa kitambaa cha pamba, kama kipande cha shuka nyeupe iliyofuliwa na kuchemshwa, na kushonwa kwa uzi. Watu wengi hupenda kutumia mpira wa ndani wa baiskeli. Huo haufai: mpira ukizeeka hunata na kuacha doa jeusi katika mbao. Sponji nayo baada ya miaka hugeuka unga.

Asiyetaka gharama ya kuchomelea hutengeneza yote kwa mbao. Nguzo huwa ya inchi 1 na nusu kwa 1 na nusu, na mahali pa vidole vya chuma hutiwa vigingi vya mianzi au vya leleshwa, mti ule wa majani ya kijivu yenye harufu nzuri uotao kwa wingi katika nchi hii. Mti wake ni mgumu, tena mchwa hawaupendi. Matundu ya vigingi hutobolewa kwa kuinamishwa kidogo, ili vigingi vielekee juu na kinyago kisiteleze.

Kinyago cha kofia na kinyago cha karatasi

Lipiko halibebwi kwa vidole, kwa sababu kuta zake ni nyembamba. Lataka kichwa. Buyu kavu lililokatwa nusu hufaa sana kuwa kichwa hicho: hugeuzwa mgongo juu, hupigiliwa juu ya nguzo nene ya mbao, na kufunikwa kitambaa cha pamba chenye manyoya ya sufi kwa ndani. Kinyago kikivikwa, uzito wake hukaa utosini, kama ulivyokaa juu ya kichwa cha mchezaji. Nguzo iwe ndefu hata ukingo wa chini wa kinyago usiguse kitako.

Vinyago vya shule, vilivyofanywa kwa magazeti na uji wa unga wa ngano, ni vyepesi, na gharama yake iwe nyepesi vile vile. Chupa iliyojazwa mchanga hutosha kuwa kitako na nguzo pamoja. Shingoni mwa chupa hufungwa mpira wa matambara wenye ukubwa wa kichwa cha mtoto. Jambo la kukumbuka ni hili: baada ya mchezo kinyago kimelowa jasho, na karatasi iliyolowa hubonyea. Kikaushwe kivulini siku nzima kabla ya kurudishwa sandukuni. Tena uji wa ngano ni chakula. Panya na mende hawajali kwamba ule ni uso wa mfalme katika mchezo, huutafuna. Chupa zisimamishwe juu ya rafu, mbali na stoo ya mahindi.

Mahali pa kukiweka

Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko miezi ya kiangazi ni kavu sana kuliko hewa ya Mombasa au ya Mtwara. Kinyago kilichochongwa pwani kikaletwa Kamere hupoteza unyevu wake, na mbao ikikauka kwa haraka hupasuka. Kwa hiyo mgeni huyo asifunguliwe mara moja na kusimamishwa juani. Akae ndani ya kitambaa na katoni majuma mawili au matatu, azoee hewa kidogo kidogo. Tahadhari hiyo yahusu hata vinyago vipya vya jakaranda, kwa kuwa wachongaji wengi hupenda kuchonga mti ukiwa mbichi, ambapo ni laini.

Kiweko kisikae karibu na dirisha lenye jua, wala juu ya meko, wala katika dirisha la mbele la gari. Jua hufifisha rangi, na nta ya nyuki hulainika zamani kabla ya kuyeyuka, hata chale zilizotiwa kwa ustadi zikateleza kutoka shavuni. Kimo kizuri ni kile kinachofanya uso wa kinyago ulingane na uso wa mtu mzima aliyesimama, maana kilifanywa kitazamwe hivyo.

Kila mwezi kinyago kiinuliwe kwa mikono miwili, na kitako kitazamwe. Ikiwa kuna unga mwembamba wa mbao juu yake, wadudu wanabungua. Kiweko cheupe au chenye karatasi nyeupe juu yake husaidia kuuona unga huo mapema, na hiyo ni faida ambayo msumari wa ukutani hauna. Makumbusho mengi huua wadudu hao kwa baridi, na mtu wa Kamere aweza kufanya hivyo kama ana rafiki mwenye friza ya kuhifadhi samaki. Kinyago hufungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa, hutiwa katika baridi ya digrii 18 chini ya sufuri kwa majuma mawili, kisha hutolewa na kuachwa siku nzima bila kufunguliwa, ili umande ukae juu ya mfuko wala si juu ya mbao. Vinyago vyenye nta, au vyenye rangi nene iliyokwisha kupasuka, visitiwe katika friza.

Jina na daftari

Kazi ya kiweko haijaisha mpaka kitako kimebandikwa kijikaratasi. Juu yake huandikwa mambo machache: kinyago kimetoka wapi, kimechongwa na nani kama jina lake lajulikana, kwa mti gani, na kilipatikana mwaka gani. Maneno hayo hayo huandikwa katika daftari pamoja na vipimo, na picha mbili hupigwa, ya mbele na ya ndani. Alama za ndani, kama ufa mdogo au tundu la zamani la kufungia nguo, ndizo zisizoweza kuigwa.

Faida ya daftari yaonekana katika habari ya kinyago kimoja cha Wamakonde. Mwaka 1984 kiliibiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kilinunuliwa Paris, kikaingia katika Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Hakikurudishwa Tanzania mpaka mwaka 2010, yaani baada ya miaka 26. Ikiwa mali ya makumbusho ya taifa ilikaa ugenini muda huo, mtu wa kawaida ambaye hakuandika lo lote atamwambia nini askari siku atakayoibiwa?

Daftari humlinda mnunuzi pia. Wako wauzaji wanaofukiza kinyago kipya kwa moshi, wakakizika udongoni majuma kadhaa, kisha wakasema ni cha babu zao. Biashara hiyo huleta fedha mara moja na aibu mara nyingi, kwa kuwa mgeni aliyedanganywa hurudi kwao na kuwaambia wengine. Muuzaji asemaye, "Hiki kimechongwa Wamunyu mwaka jana kwa mti wa jakaranda," na kukisimamisha vizuri juu ya kiweko safi, hana la kuogopa. Fundi mwenyewe naye hupata heshima, kwa sababu jina lake limesomwa.

Mwenye kutaka kuona kazi iliyo njema na aende Nairobi, katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, uliko mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966 na aliyefariki mwaka 1990. Humo mna vitu vya ustadi kutoka pande nyingi za Afrika, na vinyago ni miongoni mwake. Asitazame nyuso peke yake. Ainame kidogo atazame pia jinsi kila kitu kilivyoshikwa, kisha arudi kwake na kuutoa ule msumari ukutani.